Lori Lililosikika Kibugu

Sajini Rwamba aliimimina bahasha ya vielelezo juu ya meza. Kikatoka kitu kimoja tu, kidude cheusi cha ukubwa wa kidole gumba, chenye ulimi wa shaba. Kilikuwa kimefungwa uzi wenye kikaratasi, na juu ya kikaratasi hicho liliandikwa jina la Jama Keinan.

"Nini hicho?" akauliza Inspekta Thornley.

"Ni rota, Bwana. Polisi wa Meru waliing'oa kwenye lori la mshtakiwa. Ndiyo amri ya Hali ya Hatari. Gari lisilo na mlinzi lazima lifanywe kiwete, ili watu wa msituni wasilichukue."

"Basi kuna ajabu gani?"

"Rota hugawa moto kwenye plagi za injini ya petroli. Injini ya dizeli haina plagi wala rota. Na mashahidi wote wa Kibugu wameapa kwamba lori walilolisikia lilikuwa la dizeli."

Thornley alikitoa kiko mdomoni. Alikuwa kijana, mgeni Embu, na magari kwake yalikuwa vitu vya kupanda tu. Lakini hakuwa mjinga. Akaashiria kwa kiko kwamba Sajini aendelee.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Kijiji cha Kibugu kilikuwa kimezungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha, kama vijiji vyote vya mwaka huo wa 1955. Siku moja ya kafyu, watu walipofungiwa ndani ya vibanda mchana kutwa na ukungu umeshuka hadi majanini, ghala la mahindi ya msaada lilifagiliwa likabaki tupu. Hakuna aliyeona kitu. Kila mtu alisikia. Walisikia lori la Jama Keinan, Msomali wa mjini Meru, likipanda kutoka barabarani, likisimama ghalani, kisha likishika njia ya msituni. Kesho yake magunia matupu yaliokotwa kando ya msitu. Mtu aliyewapelekea chakula wapiganaji wa msituni alikuwa na malipo ya namna moja, nayo ni kitanzi. Mahakama maalumu ingeketi Jumatatu.

Hakuna aliyeuliza mashahidi walilijuaje lori wasiloliona. Swali hilo lingemchekesha mtu yeyote wa migongo ile ya milima. Huko magari yalikuwa machache, na watu waliyatambua kwa masikio kama mchungaji anavyotambua njuga za mbuzi wake. La Jama ndilo lililojulikana kuliko yote. Injini yake ya kwanza ilipopasuka, alitia ndani ya lori lile injini ya dizeli iliyokuwa ikiendesha misumeno ya kiwanda cha mbao. Likaanza kutwanga, dwa, dwa, dwa, hata watu wakaliita Kinu. Mwanamke wa Kanja alipolisikia alijua chumvi imefika.

Rwamba alimwongoza Inspekta hadi uani. Lori lilikuwa limekaa chini ya turubai tangu lilipokokotwa kwa mnyororo kutoka Meru. Alifungua boneti. Vitani, kule Burma, alikuwa fundi wa magari ya jeshi, na mikono yake haikuwa imesahau.

"Tazama, Bwana. Silinda sita, petroli. Chini ya grisi kuna rangi ya kijani ya jeshi. Miguu hii inayoishikilia injini imechomelewa upya. Na matundu haya ya zamani, huku nyuma, ndipo ilipokaa miguu ya Kinu. Yana kutu ndani. Injini hii haikutiwa juzi."

"Kutu haina tarehe, Sajini. Wakili wa Serikali atasema mshtakiwa aliibadili kesho yake."

"Ndiyo, Bwana. Kwa hiyo naitafuta ile nyingine."

Jama Keinan alikuwa ameketi kwenye sakafu ya seli, mgongo ukutani, ndevu zake zenye hina zikiwa zimeanza kuota mvi mizizini.

"Salaam aleikum, mzee Jama."

"Waleikum salaam. Umekuja kuipima shingo?"

"Nimekuja kuuliza habari za lori."

"Nilikwisha sema. Tangu siku ya kwanza niliwaambia, liwasheni, mlisikilize. Askari mmoja akasema nina jeuri. Nikapata kofi, na lori halikuwashwa."

"Leo nimefungua boneti. Kinu hakimo."

Jama aliinua macho.

"Kilitoka lini?"

"Kabla ya masika ya mwaka jana. Jeshi lilianza kutupeleka kwa msafara. Kinu kilikuwa na nguvu za tembo na mwendo wa kinyonga. Luteni akaapa kwamba nikichelewesha msafara tena, lori atalisukuma bondeni. Nikaenda Nanyuki, nikapata injini ya gari la wagonjwa la jeshi, chakavu. Nikaitia. Toka hapo sijavuka mto Thuchi kuja huku Embu. Kibali nilinyimwa."

"Na Kinu kiko wapi?"

"Nilikitupa."

"Wapi?"

"Mtoni."

"Mto gani?"

"Wenye maji."

"Mzee Jama, injini ile hubebwa na wanaume wanane. Haitupwi kama ganda la ndizi."

"Basi walikuwa tisa."

Rwamba alichuchumaa ili macho yao yalingane. "Unamficha mtu. Jumatatu ukiendelea hivi, watakunyonga."

"Sajini, shingo ninayo moja. Waache waridhike na hiyo moja."

Rwamba alitoka na jibu zaidi ya alilopewa. Mtu anayekiendea kitanzi huku akifanya mzaha analinda ama damu yake, ama nyumba yake. Alianza na damu. Rage, mdogo wake Jama, alikuwa na lori Maua. Siku nzima ilipotea kwa safari hiyo. Lori la Rage lilikuwa na injini yake ya kuzaliwa, haijawahi kufunguliwa hata nati, na mwenyewe alikuwa amevunjika mguu, umefungwa plasta tangu kabla ya tukio. Njia hiyo ikafungika. Ikabaki nyumba.

Mkewe Jama aliitwa Osob. Duka lake lilikuwa nyuma ya msikiti wa Meru, likinuka ngozi mbichi na hiliki. Alikuwa akimpimia mteja sukari, na hakuikatiza kazi hiyo kwa ajili ya polisi.

"Afande, ukitaka chai keti. Ukitaka kunifokea, subiri huyu aondoke. Ananunua vizuri."

Rwamba aliketi. Mteja alipotoka, akasema, "Mama Osob, mzee amesema Kinu alikitupa mtoni."

Osob aliangua kicheko kifupi. "Jama? Yule hatupi hata msumari uliopinda. Kinu kilikuwa hapo uani, kimefunikwa ngozi. Mwaka mzima nikijikwaa."

"Sasa hakipo."

"Hakipo. Nilikiuza." Alifuta mizani kwa upindo wa leso. "Jama alikuwa Isiolo. Aliporudi tuligombana hata majirani wakaja. Nikamwambia, uani kwangu si makaburi ya magari."

"Alikukataza kusema?"

"Alipokamatwa aliniambia maneno matatu tu. Osob, hukuuza kitu. Nikadhani bado ana hasira."

"Hana hasira. Kilichosikika Kibugu ni Kinu. Aliyekiuza anaweza kushtakiwa pamoja na aliyekitumia. Anakwenda kunyongwa ili wewe usiulizwe."

Kikombe cha kupimia kilianguka, sukari ikamwagika sakafuni. Osob hakuiinamia. Aliingia nyuma ya kaunta, akachukua shuka lake, akajitanda.

"Niandike," akasema. "Andika niliuza mimi, kwa mkono wangu. Kisha mfungulie."

"Kuniambia hivyo hakutoshi. Nani alinunua?"

"Mtu wa Embu. Mnene, ana koti la mvua la Serikali. Jina hakutaja. Alikuja na lori la msaada, lile linaloleta mahindi. Vibarua wakakipakia, wakakifunika magunia matupu."

"Alisema anakitaka kwa kazi gani?"

"Kusaga unga. Nikamwamini. Ila alinichekesha kwa jambo moja. Alitaka na bomba la moshi la lori. Nikamwambia, ndugu yangu, hilo limeoza, lina tundu ubavuni, litakutia uziwi. Akasema, hilo hilo ndilo ninalolitaka."

Rwamba aliliandika jibu hilo. Mashine ya kusaga haihitaji bomba la lori. Bomba bovu halinunuliwi na anayetaka kusafiri tu. Mtu yule hakununua chuma. Alinunua mlio.

Katika njia ya kurudi Embu, gari la polisi lilipokuwa likivuka daraja la Thuchi, mlinzi alilisimamisha na kupekua hata chini ya viti. Rwamba aliyatazama hayo kwa makini. Mzigo mzito kama ule ungevuka hapa kwa namna moja tu, ndani ya lori la Serikali, ukisindikizwa na mtu ambaye Serikali yenyewe inamwamini. Malori ya msaada yalipokewa na mahedimani, wakuu wa vijiji waliowekwa na Serikali. Mahedimani walikuwa wengi. Lakini alipofika ofisini, alisoma upya maelezo ya mashahidi wa Kibugu, mmoja baada ya mwingine. Wanawake walisikia. Wazee walisikia. Homugadi, walinzi wa kijiji waliokuwa kwenye mnara, walisikia. Kipofu alisikia kuliko wote. Katika kijiji kizima, mtu mmoja tu alisema alikuwa upande wa juu wa handaki na hakusikia lolote. Alikuwa Hedimani Ndambiri.

"Labda ni mkweli," akasema Thornley. "Mwongo angesema alisikia kama wenzake."

"Angeulizwa alikuwa wapi alipolisikia, Bwana, na kwa nini hakulisimamisha akiwa na bunduki. Aliona kutosikia ni salama zaidi."

Thornley alikung'uta kiko chake. "Ndambiri ana cheti cha uaminifu na medali. Ukikosea, Sajini, wewe ndiwe utakayejibu. Mimi sitaweza kukukinga."

"Ndiyo, Bwana. Naomba rota."

Asubuhi ya Ijumaa Rwamba aliliendesha lori la Jama mwenyewe kupanda Kibugu. Inspekta alikuwa ametangulia kwa Land Rover, na Jama aliketi nyuma yake, mikono imefungwa pingu. Ukungu ulikuwa umekilalia kijiji. Watu walikuwa wamekusanywa langoni.

Rwamba alikuwa amemwomba Inspekta amweke shahidi mkuu mahali pake kabla lori halijafika. Shahidi huyo alikuwa mama wa makamo aitwaye Wamuyu, ambaye kibanda chake kilikuwa karibu na ghala. Alisimama akiipa barabara kisogo. Lori likapanda, likapita nyuma yake, likasimama.

"Mama," akasema Rwamba akishuka, "usigeuke kwanza. Lori gani hilo?"

"La jeshi."

"Si la Jama?"

"La Jama? Mwanangu, la Jama likipita vyungu vyangu hucheza ngoma. Hilo linanong'ona kama bibi harusi."

Watu walicheka. Wamuyu akageuka, akaliona lori, akaliona na jina lililoandikwa mlangoni. Kicheko kikamkauka. "Niliapa," akasema polepole. "Niliapa mbele ya Mungu kwamba ni lake."

"Uliapa ulichosikia, mama. Hukusema uongo."

Ndipo Hedimani Ndambiri alipojitokeza, koti la mvua limemfika miguuni, akipiga makofi taratibu.

"Vizuri sana, kijana wangu. Umetuonyesha kwamba Msomali ni mjanja. Ametenda uovu wake, kisha amebadili injini. Mwizi hubadili koti. Sasa tumshangilie?"

Thornley alimtazama Rwamba. Lilikuwa neno lile lile ambalo Thornley alikwisha kumwonya. Homugadi wakatikisa vichwa kukubali. Jama, kwenye Land Rover, aliinamisha kichwa.

"Una haki ya kuuliza, Hedimani," akasema Rwamba. "Gari lako liko wapi?"

"Langu? Lilikufa mwaka jana. Kila mtu hapa anajua."

"Lilikufa," homugadi mmoja akathibitisha. Aliitwa Kivuti, naye alikuwa mrefu, shati limempwaya mabegani. "Hedimani hutembea kwa baiskeli."

"Naomba nilione maiti."

Kibanda cha gari kilikuwa nyuma ya posti ya homugadi, kimezibwa kwa mabati. Ndani kulikuwa na Chevrolet kuukuu, gari dogo lililokatwa nyuma na kutiwa boksi la mbao likawa pikapu. Kuku walikuwa wamelala kwenye kiti cha dereva. Ndambiri akatabasamu.

"Wapangaji wangu. Usiwaudhi, wanataga."

Rwamba hakugusa kitu. Alitazama kwanza. Pua ya gari ilikuwa imeinama kama ng'ombe anayekunywa maji, ingawa springi za mbele zilikuwa zimeongezewa vyuma vipya. Boneti ilikuwa imepandishwa kwa kipande cha bati, kama mtu aliyevaa kofia ya mwingine. Radieta ilikuwa imesukumwa mbele nje ya mahali pake. Fundi aliyefanya kazi ile alikuwa amelazimisha kitu kikubwa kiingie mahali padogo. Kisha akakitazama kiti.

"Kuku hawa wanaishi humu tangu gari lilipokufa?"

"Tangu siku hiyo."

"Mwaka mzima. Na kinyesi chao hakijazi kiganja." Alimgeukia Wamuyu, ambaye alikuwa amewafuata pamoja na watu wengine. "Mama, wewe unafuga. Kuku wa mwaka mzima huacha nini?"

"Mbolea ya shamba zima," akasema Wamuyu. "Hao wameingizwa juzi."

Tabasamu la Ndambiri liliondoka. "Hii ni posti yangu. Inspekta, mwambie mtu wako atoke."

Thornley alisita. Macho yake yalitoka kwenye medali kifuani pa Ndambiri yakaenda kwenye springi, yakarudi. "Endelea, Sajini," akasema, lakini sauti yake haikuwa na uzito.

Rwamba aliona handeli ya chuma ya kuwashia injini ikining'inia ukutani. Akaichukua.

"Kivuti!" Ndambiri alifoka. "Mtu huyu akigusa gari langu, mpige risasi. Ni amri!"

Bunduki ya Kivuti ilipanda. Mdomo wake ulikuwa hatua chache kutoka kwenye mgongo wa Rwamba. Watu waliokuwa mlangoni wakarudi nyuma, wakakanyagana. Thornley alipeleka mkono kwenye bastola yake, ukaishia kwenye kifungo cha mfuko.

Rwamba hakugeuka. Aliitia handeli mahali pake chini ya radieta. Aliingiza mkono kando ya injini, akakuta kishikio cha kupunguza mgandamizo, akakifungua. Akazungusha. Chuma kiligoma, kikakohoa. Akazungusha tena, kwa mgongo wote, hadi gurudumu zito la ndani likashika kasi. Akakirudisha kishikio.

Dwa.

Kuku waliruka wakapita juu ya kichwa chake.

Dwa. Dwa. Dwa, dwa, dwa, dwa.

Moshi mweusi ulitoka kwenye tundu la ubavu wa bomba, ukajaza kibanda. Mabati yakaanza kutetemeka. Huko nje, kipofu aliyekuwa amebaki langoni alipaza sauti, "Jama amekuja! Jama amekuja!" Watu wote walikuwa wanautazama mdomo wa bunduki ya Kivuti, ambao ulikuwa unashuka polepole, kama unavutwa na ardhi.

"Kivuti!" Ndambiri akafoka tena, lakini alilazimika kushindana na mlio ule.

"Nilikuwa mnarani siku ile," akasema Kivuti. "Nilisikia. Nilikuja mbio kukuambia, Hedimani, nikakukosa." Aliiweka bunduki yake chini. "Mwanangu alikuwa bado hai, njaa ilikuwa haijamuua."

Wamuyu alipenya katikati ya watu. Alisimama mbele ya Ndambiri, karibu mno, kama mtu anayetaka kusikia vizuri.

"Mahindi yetu uliyauza wapi?"

Ndambiri aliruka. Hakuelekea mlangoni, kwa sababu mlango ulikuwa umejaa watu. Aliliparamia boksi la pikapu, akitaka kupita kwenye upenyo wa mabati ya nyuma. Rwamba alimdaka pindo la koti la mvua, wakaanguka pamoja juu ya mayai. Alipomaliza kumlaza kifudifudi, na goti lake liko mgongoni, alinyoosha mkono nyuma bila kugeuza kichwa.

"Pingu, Bwana."

Thornley alijipapasa kiunoni. Akatazama nje, kwenye Land Rover, alikokuwa ameketi Jama Keinan.

"Tulikuja na moja tu," akasema. "Na mshtakiwa hawezi kufunguliwa bila hati kutoka Embu. Sheria ni..."

"Bwana," akasema Rwamba, akihema, "mtu huyu ni mzito, na goti langu linachoka."

Injini iliendelea kutwanga. Uso wa Thornley ulikuwa mwekundu kwa moshi au kwa kitu kingine. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akatembea hadi kwenye gari, akainama. Jama aliinyoosha mikono yake yote miwili, bila haraka, kama mtu anayenawishwa kabla ya kula.